Meza Kwanza, Chupa Baadaye: Ushauri wa Dada kwa Msafiri wa Nchi ya Mvinyo, Australia

Haya wadogo zangu, vuteni viti. Swali la leo limenifikia kwa sauti nyingi lakini ni lile lile. Mmoja anakwenda Australia kwenye mahafali ya mtoto, mwingine fungate, mwingine kumtembelea ndugu aliyehamia huko, na wote wameambiwa kwamba ukifika kule usiache kuona mashamba ya mizabibu. Wanataka majina: tule wapi, tuonje nini, tununue chupa gani.

Majina nitawapa. Ila nitangulize neno moja, maana nimeona watu wazima wenye akili zao wakiharibu safari nzuri kwa kulipuuza. Mtu anaandika orodha ya viwanda sita vya mvinyo kwa siku moja. Anakimbizana na saa, anaonja tumbo likiwa tupu, saa nane mchana anasinzia kwenye gari, na anapozinduka na kukumbuka chakula, jiko limeshafungwa. Jioni anakula chipsi za kituo cha mafuta katika nchi ambayo watu huipandia ndege kwa ajili ya kula.

Mpango mzuri unaanzia mezani. Chagua mgahawa mmoja wa chakula cha mchana, weka nafasi, kisha tafuta viwanda viwili vilivyo jirani nao: kimoja kabla ya kula, kimoja baada ya kula. Yote nitakayosema leo yanaizunguka kanuni hiyo.

Uende upande gani

Australia ni bara, si wilaya. Kuna bonde la Yarra karibu na Melbourne, Hunter kaskazini mwa Sydney, Margaret River kusini mwa Perth. Huwezi kuyaona yote, na usijaribu. Mimi ningekushauri ulale Adelaide, makao makuu ya jimbo la Australia Kusini, kwa sababu ukiwa pale una maeneo manne ya mvinyo mkononi. Barossa iko kaskazini-mashariki, mwendo wa saa moja kwa gari. McLaren Vale iko kusini kuelekea bahari, kama dakika 45. Vilima vya Adelaide Hills ni nusu saa tu. Clare Valley ni mbali kidogo, saa mbili hivi.

Ukiwa na siku mbili, moja ipe Barossa na nyingine McLaren Vale. Ukiwa na siku moja tu, nenda Barossa.

Kabla hujafika, wajue wenyeji wako. Ardhi ya Barossa ni ya jadi ya watu wa Peramangk, Ngadjuri na Kaurna. Kuanzia 1842 wakaja Walutheri kutoka Silesia, waliokuwa wamegombana na mfalme wa Prussia kuhusu namna ya kuabudu. Walikuja na kanisa lao, soseji zao na mikate yao, na hayo matatu bado yapo ukipita Tanunda na Angaston. Mmoja wa Wajerumani wa mwanzo, Johann Gramp, alipanda mizabibu mwaka 1847 kando ya kijito kinachoitwa Jacob's Creek. Naam, ndilo jina lile lile unaloliona kwenye rafu za supamaketi Nairobi na Dar es Salaam. Kijito kipo kweli, na ni chembamba kuliko umaarufu wake.

Kitu cha pekee kwa Barossa ni umri wa mizabibu yake. Katika karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi, aliangamiza mizabibu ya Ulaya karibu yote. Australia Kusini hakufika, na jimbo limemzuia kwa sheria tangu 1899. Ndiyo maana kule Tanunda, kwenye shamba la Langmeil, kuna mizabibu ya shiraz inayoaminika kupandwa 1843 ambayo hadi leo inazaa, na mvinyo wake unaitwa The Freedom 1843. Kwa hiyo ukiona kibao kinachokukataza kuingia shambani, usidhani wanakubagua. Wanaogopa kilicho chini ya viatu vyako. Picha pigia nje ya uzio, na matunda usiingie nayo.

Siku ya Barossa, mlo kwa mlo

Ukiweza, iwe Jumamosi. Asubuhi hiyo kuna soko la wakulima pale Angaston, linaloanza saa moja na nusu na kufungwa saa tano na nusu. Hapo utapata mikate, jibini, asali, mboga na mayai ya kukaanga, na watakaokuuzia ni wakulima wenyewe. Kunywa kahawa, kula ushibe. Wahenga walisema njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Mimi nawaambia kwa shughuli hii tu, heri ulewe kwa shibe ya asubuhi kuliko kwa glasi ya kwanza.

Ikiwa si Jumamosi, nenda Apex Bakery, Tanunda. Wanaoka tangu 1924 na tanuri lao bado ni la kuni. Kwa wanaokula nguruwe, wachinjaji wa Kijerumani wa Barossa wana bekoni na soseji kavu za kuvutwa moshi zinazosifika jimbo zima. Kwa wasiokula, shikilieni mikate na jibini, na muulize kila kinachoitwa soseji kabla ya kukiweka sahanini.

Sasa chakula cha mchana. Chaguo langu la kwanza ni FINO, pale Seppeltsfield. Sharon Romeo na David Swain walikuwa na mgahawa wao mdogo kijiji cha Willunga, kusini, kisha mwaka 2014 wakafungua huu Barossa, ndani ya majengo ya mawe ya kiwanda cha zamani. Chakula chao ni cha kugawana: sahani zinawekwa katikati, kila mtu anachota. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hatuhitaji kufundishwa. Waachie wao wakuchagulie, waambie tu usichokula, na mwombe mhudumu akupendekezee glasi moja ya kwendana na sahani kuu.

Seppeltsfield yenyewe inastahili saa nzima. Kiwanda kilianzishwa 1851. Mwaka 1878 mwenyewe Benno Seppelt alitenga pipa la mvinyo mtamu na mkali, ule wa aina ya port, akaagiza lisiguswe kwa miaka 100. Tangu hapo kila mwaka limetengwa pipa jingine, na kuanzia 1978 kila mwaka linafunguliwa lililofikisha karne. Akiba haiozi, wadogo zangu! Na wageni wana nafasi ya kuonja kutoka pipa la mwaka waliozaliwa. Ni kidogo mno kwenye glasi, na kina bei yake, lakini ikiwa mmesafiri na mzazi anayetimiza miaka 60 au 70, hiyo ndiyo zawadi ya safari. Weka nafasi mapema. Njiani utaona minazi isiyo minazi: ni mitende, zaidi ya 2,000, iliyopandwa na wafanyakazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, familia ya Seppelt ilipowatafutia kazi badala ya kuwafukuza.

Ukitaka mlo wa fahari, wa maadhimisho ya ndoa, kuna Hentley Farm, jirani na hapo. Mgahawa uko kwenye zizi la farasi la mawe lililokarabatiwa, na menyu imepangwa: huletewa sahani ndogo moja baada ya nyingine hadi ukubali mwenyewe kwamba umeshiba. Huo ni mchana wote na ni pesa. Ukienda Hentley Farm, siku hiyo usipange kingine.

Na kama unakosa pilipili, ambayo najua mtaikosa kufikia siku ya tatu, Tanunda kuna fermentAsian, jikoni kwa Tuoi Do, mpishi wa Kivietinamu. Majani mabichi, ndimu, samaki, pilipili ya kweli. Ni mahali pa kuthibitisha jambo nitakalowaambia sasa hivi kuhusu riesling.

Chupa zipi, kwa mdomo upi

Tuseme ukweli. Wengi wetu mdomo wetu umezoea utamu. Kama ulichozoea ni Dompo ya Dodoma au 4th Street, ukipewa shiraz nzito ya Barossa mara ya kwanza utakunja uso. Hakuna aibu. Usianze nayo. Anza na cheupe chenye harufu ya maua, au moscato, kisha panda taratibu. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unapenda kitamu. Kazi yake ni kukupa unachokipenda.

Kwa pilipili, samaki na chakula cha nazi, tafuta riesling ya Eden Valley, vilima vya mashariki mwa Barossa ambako ni juu na baridi zaidi, au ya Clare Valley. Ni nyeupe, kavu, ina ukali wa ndimu, na inausafisha mdomo baada ya pilipili. Utaona chupa nyingi nzuri zina kifuniko cha kusokota badala ya kizibo. Usizidharau. Watengenezaji wa Clare waliamua kwa pamoja kutumia vifuniko hivyo kuanzia mavuno ya mwaka 2000, kwa sababu vizibo vilikuwa vinawaharibia mvinyo. Kule kifuniko cha kusokota si dalili ya urahisi.

Kwa nyama ya kondoo, mbavu na choma yoyote, hapo ndipo shiraz ya Barossa inapata haki yake. Ni nyeusi, nzito, ina ladha ya zambarau na viungo, na mara nyingi kilevi chake ni asilimia 14 na zaidi. Ukiona ni nzito mno, omba grenache, au mchanganyiko wa grenache, shiraz na mataro, ambao wenyeji huuita kwa herufi zake tatu, GSM. Ni mwepesi kidogo na unakubaliana na vyakula vingi zaidi. Mimi ukiniambia nichague chupa moja ya kuweka katikati ya meza ya watu sita wenye midomo tofauti, nitachagua huo.

Wapi pa kuonja? Tanunda kuna Rockford, kwenye vijumba vya mawe barabara ya Krondorf. Bado wanakamua zabibu kwa shinikizo la mbao la zamani, na chumba cha kuonjea ni kidogo mno hivi kwamba utazungumza na jirani utake usitake. Charles Melton, barabara hiyo hiyo, ana mchanganyiko uitwao Nine Popes na rosé nzuri ya mchana wa joto. Langmeil nimekwisha kuitaja. Angaston kuna Yalumba, ya 1849, kongwe kuliko zote nchini zilizobaki mikononi mwa familia, na ni mojawapo ya chache duniani zinazojitengenezea mapipa.

Sikilizeni pia habari ya Peter Lehmann, maana inaeleza kwa nini mashamba hayo ya kale yapo hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zabibu zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kampuni aliyofanyia kazi ikamwamuru asinunue za wakulima. Alikuwa amewapa neno lake. Akatafuta fedha, akaanzisha kiwanda chake ili anunue mavuno yao. Miaka ya 1980 serikali ikawa inawalipa wakulima wang'oe mizabibu, na mingi ya kale ikang'olewa. Iliyobaki leo ina thamani ya dhahabu. Ndiyo maana Barossa ikajiwekea madaraja ya umri mwaka 2009. Lebo ikisema Old Vine, mizabibu imetimiza miaka 35. Survivor ni 70. Centenarian ni 100. Ancestor ni 125. Ukikuta chupa mbili za bei moja, moja ina neno hilo na nyingine haina, unajua pa kwenda.

Na majina makubwa je? Penfolds Grange, iliyobuniwa na Max Schubert kuanzia 1951, ina hadithi tamu. Wakubwa wake waliionja hawakuipenda, mwaka 1957 wakamwamuru aache, naye akaendelea kuitengeneza kwa siri hadi walipobadili mawazo. Hill of Grace ya familia ya Henschke hutoka kwenye shamba dogo mbele ya kanisa la Kilutheri, lenye mizabibu ya tangu miaka ya 1860. Chupa moja ya hizo ni kama dola 1,000 za Australia. Usinunue ili uwaonyeshe watu. Ukitaka kuheshimu historia, nenda Magill Estate, kiungani mwa Adelaide, ambako mwanzilishi Penfold na mkewe Mary walianza 1844 na ambako Grange ilizaliwa. Kula chakula cha mchana mahali hapo, agiza glasi ya kitu chenye bei ya kibinadamu. Kwa dola 25 hadi 45 Barossa inakuuzia chupa nzuri sana, na hakuna mgeni atakayekuja kwako akaijua tofauti.

Namna ya kuonja bila kutishwa

Watu wengi wanaogopa chumba cha kuonjea kama wanaogopa mtihani. Ni duka tu, tena lenye wauzaji wapole. Unaingia, unalipa ada, mara nyingi kati ya dola 10 na 25, na mara nyingi inafutwa ukinunua chupa. Utamiminiwa kidogo kidogo, nyeupe kwanza, nyekundu baadaye, tamu mwisho. Nusa, kunywa tone, sema unachohisi kwa maneno yako mwenyewe. Ukisema inanukia kungumanga au ukwaju, umesema vizuri kuliko aliyekariri kitabu.

Kauntani kuna chombo cha kutemea. Kitumie. Najua kwetu kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, lakini kule kutema ni adabu yenyewe: inaonyesha unajua kazi. Mionjo mitano ya mililita 30 ni sawa na glasi nzima, na viwanda viwili ni glasi mbili, bila kuhesabu ya mezani. Kunywa maji katikati. Usijipake manukato makali siku hiyo, utawaharibia pua wenzako. Na kama hukipendi ulichopewa, kimwage tu, hakuna atakayenuna.

Siku ya pili: bahari

McLaren Vale ni kwa wale ambao chakula bila samaki si chakula. Kule Port Willunga, juu kabisa ya jabali linalotazama bahari, kuna mgahawa Star of Greece, uliopewa jina la merikebu iliyovunjika hapo chini mwaka 1888, karibu na ufuko. Agiza ngisi, agiza samaki aitwaye King George whiting, ambaye ni kipenzi cha jimbo zima, na chaza wa Coffin Bay ukiwa na moyo wa kuwala wabichi. Mezani weka fiano, zabibu nyeupe ya Kiitalia ambayo shamba la Coriole lilikuwa la mwanzo kuipanda huko. Coriole wenyewe wana mafuta ya zeituni na bustani ya kukaa.

Ukipenda vituko, nenda d'Arenberg. Familia ya Osborn ilianza 1912, na mwaka 2017 kijana wao Chester akajenga katikati ya mizabibu jengo la ghorofa tano lenye umbo la mchemraba uliosokotwa. Watoto watalifurahia kuliko nyinyi. Na ukitaka kula karibu na mashamba badala ya baharini, Salopian Inn ya Karena Armstrong ina bustani yake ya mboga na kinyunya kilichojazwa nyama, kitu cha Kichina kabisa, kwenye nyumba ya wageni ya zamani. Ndiyo Australia hiyo.

Kwa asiyekunywa

Mdogo wangu usiyegusa kilevi, usibaki hotelini ukiwalindia wenzako mizigo. Nchi ya mvinyo ni nchi ya chakula, na wewe ndiye utakayeikumbuka vizuri. Nenda duka la shambani la Maggie Beer, nje kidogo ya Nuriootpa. Mama huyu ndiye aliyewafundisha Waaustralia kupikia maji makali ya zabibu mbichi, yasiyochachushwa kabisa, badala ya ndimu au siki. Chupa yake ni zawadi ya maana kwa mpishi yeyote, Mwislamu au Msabato. Kuna pia vinywaji vya zabibu visivyo na kilevi, ila soma lebo: vingine ni mvinyo uliotolewa kilevi na huweza kubakia na chembe.

Mgahawani, taja mapema, wakati wa kuweka nafasi, kwamba hutaki mvinyo kwenye mchuzi wala nguruwe. Wapishi wa kule huupikia mvinyo karibu kila kitu, lakini ukiwaambia siku mbili kabla watakutengenezea. Nyama ya halali utaipata Adelaide mjini kuliko mashambani. Soko kuu la Adelaide, Central Market, lipo tangu 1869, na barabara ya Gouger iliyo ubavuni mwake ina migahawa ya kila taifa. Mwendo mfupi kutoka hapo, uchochoro wa Little Gilbert, upo msikiti uliojengwa 1888 na 1889 na waendesha ngamia waliotoka Afghanistan na India. Ni mkongwe kuliko misikiti yote iliyosalia katika miji mikubwa ya Australia. Pita uswali, kisha ukale.

Gari, sheria na bili

Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hutahangaika. Kinachohangaisha ni kipimo cha kilevi: mwisho ni 0.05, na polisi wana haki ya kumsimamisha dereva yeyote wakati wowote wampulizishe. Chupa moja ya shiraz ya asilimia 14.5 ina vipimo vya kawaida 8 na nusu. Usijidanganye kwa hesabu za kukisia. Chagueni dereva asiyekunywa na mumlipie chakula, au chukueni safari ya pamoja ya basi dogo kutoka Adelaide. Treni ya mjini inaishia Gawler, haifiki Barossa. Na jua likianza kuzama, punguzeni mwendo, maana ndiyo saa ya kangaruu kuvuka barabara.

Majiko hufungwa mapema. Chakula cha mchana kwa kawaida ni saa sita hadi saa nane na nusu, na usiku ukichelewa kupita saa mbili na nusu unaweza kulala njaa. Vyumba vya kuonjea hufunguliwa saa nne au tano asubuhi na kufungwa saa kumi au kumi na moja. Jumatatu hadi Jumatano migahawa mingi ya mashambani imefungwa, na Krismasi na Ijumaa Kuu karibu kila kitu kimelala. Mgahawa pia hubadilika mikono, mpishi huhama: wiki moja kabla ya safari, piga simu uthibitishe.

Msimu wao ni kinyume na wa Ulaya. Mavuno ni Februari hadi Aprili, na huo ndio wakati mzuri: kuna harufu ya zabibu hewani na joto limeanza kupungua. Desemba na Januari joto huweza kupita nyuzi 40. Juni hadi Agosti ni baridi ya sweta na mvua, lakini kuna moto wa kuni na supu, na watu ni wachache.

Bei ya menyu ina kodi ndani yake. Bakshishi si lazima. Ila Jumapili na sikukuu wengi huongeza asilimia 10 au 15 kwenye bili, kwa sababu mishahara ya siku hizo ni mikubwa. Usigombane na mhudumu. Baadhi ya migahawa inakuruhusu kuja na chupa yako uliyonunua kiwandani, ukalipa ada ya kufunguliwa. Uliza.

Chupa za kurudi nazo zifikirie kwa kilo: iliyojaa ni kama kilo 1.2 au zaidi. Chache zinatosha. Ukinunua vitu vya dola 300 na zaidi kwa muuzaji mmoja, ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, serikali hukurudishia kodi uwanja wa ndege. Kwa mvinyo unarudishiwa mara mbili: kodi ya mauzo, ambayo ni moja ya kumi na moja ya bei, na kodi ya mvinyo, asilimia 14.5. Kwa chupa za dola 330 hiyo ni dola 30 na nyingine karibu 48. Tunza risiti, na waonyeshe maofisa wa mpakani chupa zako kabla hujakabidhi sanduku.

Mwisho, la kuingilia. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya utalii, inaombwa mtandaoni, na usingoje wiki ya mwisho. Kwenye ile kadi ya forodha tangaza kila chakula ulichobeba, hata korosho za shangazi na dagaa wa mama mkwe. Ukitangaza, baya zaidi watachukua. Ukificha, faini yake ingekulipia meza ya Hentley Farm, mlo na mvinyo.

Kwa hiyo leo, kabla ya kufungua ukurasa wa hoteli au wa ndege, fungua kalenda. Tafuta Jumamosi iliyomo ndani ya safari yako, weka meza ya mchana Seppeltsfield, kisha mengine yapange kuizunguka. Ukikosa meza Jumamosi hiyo, omba Ijumaa au Jumapili. Usikubali tu kusafiri bila meza.

Dada yenu, anayewapenda mkiwa mmeshiba.